Ukitaka chuo kikusaidie, nenda na embe lenye funza

Mikutano ya "ushirikiano wa serikali, vyuo na sekta binafsi" haikosekani hapa Malindi. Tunakula vizuri, tunapiga picha, kila mtu anashika njia yake. Mimi hununua maembe Magarini, na ushauri wangu kwa wafanyabiashara wenzangu ni kwamba msianze na hati ya makubaliano. Anzeni na kile kinachokula pesa zenu.

Kwangu ni nzi wa matunda. Embe linang'aa nje. Ulikate, funza hao! Nzi huyu, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na 2014 nchi ikajizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya hadi 2021. Hakuna tajiri ambaye angelifungua soko lile peke yake, kwa sababu ukisafisha shamba lako, nzi wa jirani wanahamia kwako. Lazima ukanda mzima usafishwe, kama walivyofanya kaunti ya Makueni. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wanajua chambo gani humvuta nzi dume, KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, ndio wakaguzi, na sisi tutie mitego na kuzika maembe yaliyoanguka, kila wiki, hata msimu ukiwa mbovu.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi tu. Usimsumbue makamu mkuu. Mtafute mhadhiri wa kilimo, maana wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho wanahangaikia mada za utafiti. Mmoja tulimpa nauli na chakula cha mchana, akawa anakuja kukagua mitego. Mzee mmoja aliyeshikilia kuwa mvua ndiyo inayoozesha maembe aliwamwaga nzi wa mtegoni kiganjani akaanza kuwahesabu mwenyewe. Semina gani ingemgeuza hivyo?

Ila andikianeni mapema: matokeo ni ya nani, na wewe utayapata lini. Dai ukurasa mmoja wa Kiswahili, la sivyo kazi yote italala maktabani.

Serikali nayo usiiombe pesa kwanza. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Ukizingoja hizo, utazeeka. Iombe usichokiweza wewe: afisa wa ugani aite kijiji kizima siku moja, mitego itundikwe pamoja. Kilimo kiko chini ya kaunti, basi bisha hodi huko kabla ya Nairobi, na uwahi kabla bajeti haijapitishwa mwezi wa sita.