Maswali na majibu: Wazushi wa Zama za Kati, na kalamu iliyowaandika

Mwezi uliopita nilieleza kazi ya R. I. Moore, mwanahistoria Mwingereza aliyetoa hoja mwaka 1987 kwamba kati ya mwaka 950 na 1250 Ulaya Magharibi iligeuka kuwa jamii ya kutesa watu: wazushi, Wayahudi na wakoma kwa pamoja. Maswali yamekuja mengi. Haya hapa manne.

Shikamoo mwalimu. Mzushi ni sawa na kafiri? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Hapana. Mzushi alikuwa Mkristo aliyebatizwa, akashika fundisho lililokataliwa na Kanisa, akaonywa, akashupaa. Aliyekosea kisha akakubali kurekebishwa hakuhesabiwa mzushi.

Wengine wanasema Wakathari, wale wazushi wa kusini mwa Ufaransa na Italia, hawakuwahi kuwepo. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Waliochomwa walikuwepo. Tarehe 16 Machi 1244, chini ya ngome ya Montségur kusini mwa Ufaransa, walichomwa watu wapatao 200 kwa siku moja. Kinachobishaniwa ni kama walikuwa kanisa moja lenye maaskofu na imani ya miungu wawili, mwema na mwovu. Mwaka 1245 na 1246 watu zaidi ya 5,000 walihojiwa na mahakimu wa Kanisa huko Toulouse. Mwanahistoria Mark Pegg alipoyasoma majibu yao hakukuta jina "Wakathari". Alikuta "watu wema", wazee wa vijijini walioheshimiwa na kuamkiwa kwa kupigiwa goti. Na maswali yalikuwa yaleyale kwa kila mtu: uliwaona wapi, ukiwa na nani, uliwasujudia? Ukiuliza hivyo watu elfu tano, majibu yatafanana, na mfanano huo ni wa muulizaji. Hapo namwunga mkono Pegg. Ila huko Italia kimebaki kitabu cha wazushi wenyewe kinachotetea asili mbili za ulimwengu, na hicho siwezi kukiweka kando.

Kama tuna maneno ya mahakimu tu, tutawasikiaje watu wenyewe? (Msomaji, Bukavu)

Swali hili ndilo kazi yangu yote. Kati ya mwaka 1318 na 1325 askofu wa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, Jacques Fournier, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XII, aliwahoji wakulima na wachungaji wa milima ya Pyrenees. Walisema Kioksitani, lugha ya huko kusini, karani akaandika Kilatini, kisha wakasomewa kwa lugha yao ili wasahihishe. Fournier alikuwa mvumilivu wa kutisha: aliwaacha waseme mpaka mambo yasiyohusu kesi.

Mtazame Béatrice de Planissoles, mjane aliyekamatwa mwaka 1320. Mizigo yake ilipopekuliwa vilikutwa vitovu vilivyokauka. Alieleza kuwa ni vya wajukuu wake wa kiume, kwani mwanamke wa Kiyahudi aliyebatizwa alimwambia ukivibeba hushindwi kesi. Kwa askofu ulikuwa ushahidi wa uchawi. Mimi namwona bibi anayetunza vitovu vya wajukuu, jambo ambalo bibi zetu wengi wasingelishangaa. Hakimu hakulitafuta, lakini kwa kuwa alitaka kuandika kila kitu, limetufikia. Mimi huanzia pale jibu linapozidi swali.

Fournier aliua wangapi? (Msomaji, Muscat)

Katika kesi za daftari la mahojiano yake waliochomwa ni watano, wanne kati yao Wavaldo, yaani wafuasi wa mhubiri Valdo wa Lyon. Wengine walifungwa au kushonewa misalaba ya njano kwenye nguo. Usiidharau adhabu hiyo. Ukiwa na msalaba mgongoni kila jirani anakujua, na kupata kazi au mchumba kunakuwa mtihani. Béatrice alihukumiwa kifungo mwezi Machi 1321, akatolewa Julai 1322, na tangu hapo akatembea na misalaba yake. Vitovu vile hatuvisikii tena.