Waini ya bei inachoma koo: kosa ni la duka au la sebule?

SWALI: Nilinunua chupa mbili za waini nyekundu ya bei kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, ya mwaka 2019. Ni mchanganyiko wa aina tatu za zabibu: Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc. Ya kwanza tuliifungua mwezi uliopita nyumbani Raskazone, tukiwa marafiki sita, kwa "joto la chumba" kama tulivyoelekezwa dukani. Ilituchoma koo kama gongo na ulimi ukakauka. Tulikuwa na pweza wa kuchoma, pilipili na ndimu. Mwenzetu mmoja anasema tumeuziwa feki. Ya pili bado ipo kabatini. Niifanyeje? Na ni kweli inatakiwa kumiminwa kwenye jagi mapema? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kabla hujaenda kugombana na mwenye duka, ndugu yangu, sebule yako ilikuwa na nyuzi ngapi siku hiyo? Msimu huu wa kaskazi, sebule ya Tanga inafika nyuzi 30 hata kama feni inazunguka kutwa. Hilo "joto la chumba" lilianzia Ulaya, enzi za nyumba za mawe zisizo na mitambo ya kupasha joto. Chumba chao kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Aliyekupa ushauri hakudanganya, ila alikupa chumba cha watu wengine.

Mchanganyiko kama wako huwa na kilevi cha asilimia 14 hivi. Ukiwa na joto, kilevi ndicho kinachotangulia puani na kooni, na harufu ya matunda inabaki nyuma yake. Niliwahi kuhudumia hoteli moja Bagamoyo ambako chupa zilikaa kwenye rafu iliyopakana na jiko. Mgeni alirudisha glasi, akasema ni kali mno. Nikachomeka kipimajoto cha jikoni: nyuzi 31. Nikaizamisha chupa ileile kwenye ndoo ya maji na barafu kwa robo saa, nikammiminia tena. Akanishukuru kwa kumbadilishia chupa.

Kwa hiyo ya pili ipoze, lakini isiwe baridi kama soda. Lenga nyuzi 15 au 16, maana ikishaingia kwenye glasi itapanda yenyewe mkiwa mnaongea. Ndoo yenye barafu na maji, nusu kwa nusu, inachukua kama dakika 15. Barafu tupu bila maji haishiki chupa vizuri. Kwenye friji hesabu saa moja na nusu au zaidi kidogo. Ukipitiliza, ukakasi unazidi na harufu inajifungia. Hapo iache mezani tu, Tanga itakupashia bure.

Ukitaka kumnyamazisha huyo rafiki wa "feki", mimina glasi moja ya mvinyo huohuo nusu saa kabla na uiache mezani ipate joto. Wakifika, mpe kila mmoja anuse ile ya moto, kisha iliyotoka kwenye ndoo. Usiwaambie ni chupa moja.

Ulimi kukauka ni jambo jingine, na si kasoro. Hiyo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Inanasa protini za mate, ndiyo maana mdomo unakosa utelezi, kama ulivyouma bibo au kunywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Katika chupa yako sehemu kubwa ya ukakasi huo inaletwa na Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo yenye ganda nene. Merlot inaongeza ulaini, na Cabernet Franc inaleta harufu ya majani mabichi. Mtindo huu ni wa Bordeaux, Ufaransa, na haukuanza kwa ajili ya ladha tu. Merlot huiva mapema kuliko Cabernet Sauvignon, kwa hiyo mvua ikiharibu moja, nyingine inaokoa mwaka. Mkulima wa Muheza anayechanganya mahindi na muhogo shambani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Jagi, ndiyo. Mvinyo wa 2019 wenye tanini unafaidika na hewa, saa moja inatosha. Lakini jagi likikaa wazi mezani linarudi kwenye nyuzi 30, kwa hiyo liweke ndani ya beseni lenye maji ya baridi. Mimina taratibu na uache kidogo chini, huenda kuna mashapo.

Sasa hili watu wa pwani tunalisahau: udi. Tunapenda kufukiza kabla wageni hawajaingia, na dawa ya mbu inawaka chini ya kochi. Siku ya kuonja, acha vyote viwili. Zima na feni ya juu wakati wa kunusa, inapeperusha harufu kabla haijafika puani. Kaeni barazani jua likishazama.

Chupa ni mililita 750. Anza na kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa kwa kila mtu, kama mililita 50. Mkiwa sita zinabaki 450 za chakula. Na chakula chenyewe kiwe mishkaki ya ng'ombe isiyo na pilipili, kwa sababu nyama inatuliza tanini. Pilipili inauongezea moto ule wa kilevi. Ndimu, na hata machungwa ya Muheza, yakitangulia mdomoni mvinyo unaonekana hauna uhai. Samaki wenye mafuta ndio wabaya zaidi: chuma kidogo kilichomo kwenye mvinyo mwekundu kinaamsha shombo. Pweza wako tungeweza kumsamehe, ila si kwa ndimu ile.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi, nalo ni kabati. Kama chupa imekaa humo miezi kadhaa, angalia kizibo kabla ya kufungua. Kikiwa kimesukumwa juu, au kuna michirizi ya mvinyo shingoni, joto limeshaingia, na utakuta harufu ya jemu iliyopikwa sana. Hilo dukani hawatalipokea. Lakini ukifungua ukakutana na harufu ya boksi lililolowa mvua, basi kizibo ndicho kibovu na kupoza hakutasaidia. Rudishia kizibo, usiumwage mvinyo, na uipeleke chupa dukani kesho yake pamoja na risiti.