Nilipochanganya Muscat na Muscadet

Jumatatu iliyopita nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya divai. Kafunguo kadogo tu, kamefungwa kamba nyekundu, lakini usiku ule nililala nako chini ya mto. Miaka sita iliyopita, katika mji huu huu wa Nantes, Ufaransa, mkahawa mwingine ulinirudisha jikoni kumenya viazi kwa sababu ya chupa moja. Kwa hiyo wewe mdogo wangu wa Mombasa uliyeniandikia, "Dada, nianze kuijua divai gani nisije nikaaibika kwenye hoteli za Ulaya?", jibu lako ni Muscadet, divai nyeupe ya huku Nantes. Na wenzako mnaosaka kazi hizi, someni pia. (Najua wapo watakaosema mtoto wa Tanga na divai wapi na wapi. Mama ameshanisomea, imetosha.)

Ilikuwa Jumamosi, meza ya watu sita, mbele yao sinia la chaza wabichi juu ya barafu. Mzee mmoja akaagiza Muscadet. Mimi nikakimbilia rafuni, nikaona jina linaanza na "Musc", nikabeba. Kumbe nimebeba Muscat, divai ya kusini, tamu kama sharubati, imeongezwa na pombe juu. Hata rangi ingenishtua: ile ilikuwa ya dhahabu, wakati Muscadet imepauka, inakaribia maji. Nikamimina kwa madaha yote. Mzee akaonja, akaiweka glasi chini taratibu, akaniuliza kama kwetu watu hula samaki kwa jamu.

Meza nzima ikacheka. Bosi wangu naye akacheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si mzee. Mzee alikuwa na haki yake.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akiosha vyombo. Akalamba tone lililobaki, akasema, "Yaya, hii iko na sukari!" (Kwao yaya ni dada.) Kila msimu wa mavuno alikuwa akienda kuchuma zabibu kwenye mashamba ya kusini mashariki mwa mji, kule mito ya Sèvre na Maine inakopita, na kile alichonifundisha kwa wiki mbili, tumeketi juu ya kreti tupu, sikukipata kwenye kozi yoyote niliyolipia baadaye.

Muscadet si jina la mahali wala la zabibu. Zabibu yenyewe huitwa Melon de Bourgogne, na ilienea huku baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi, hii ilistahimili. Divai yake ni kavu, maana yake sukari yote imeliwa na hamira, na kilevi chake ni cha wastani, kama asilimia 12. Ukiona kwenye lebo maneno "sur lie", ujue imekaa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira bila kuhamishwa, na haiingii chupani kabla ya Machi. Mashapo hayo ndiyo yanayoipa unene kidogo na harufu ya mkate, na pengine kamchomo kadogo kwenye ncha ya ulimi. Ukiimeza, mate yanakujaa kama uliyelamba ndimu na chumvi.

Sasa fikiria chaza: chumvi ya bahari, ute, baridi. Ndimu iko tayari ndani ya glasi. Ndiyo maana watu wa huku hawabishani juu ya hili. Kome waliochemshwa na vitunguu vidogo, sawa. Samaki wa mtoni kwa mchuzi wa siagi, ule wanaouita beurre blanc, ambao huanza kwa siki na mara nyingi Muscadet yenyewe ikikaushwa sufuriani, sawa kabisa. Ngisi wa kukaanga ndiyo kipenzi changu. Nyumbani nimeijaribu na samaki aina ya changu wa kukaanga, chumvi na ndimu tu, nikafurahi. Kwa mchuzi wa nazi ikafa mdomoni, ikawa kama maji ya chuma. Nyama ya ng'ombe usithubutu. Chokoleti ndiyo kabisa.

Ipoe nyuzi 8 hadi 10, isigande. Soma lebo. Onja kabla hujamhudumia mtu, na uteme, wataalamu wote wanatema. Kisha soma lebo tena, herufi kwa herufi, kwa sababu vijana wetu tunapenda kubeba vitu kwa kukisia, tukiulizwa tunatabasamu. Tabasamu halikuwahi kumlipia mtu kodi ya nyumba! Ukiwa hujui, uliza, hata kama anayejua ni muosha vyombo. Hasa kama ni muosha vyombo.

Yapo mengi ya kusimulia kuhusu miaka ya katikati, lakini yalikuwa viazi na mitihani ya Kifaransa, hayana utamu. Nawaacha hapa. Zimeletwa kreti nane za Clisson, Muscadet zilizolala juu ya mashapo zaidi ya miaka miwili, na bosi mpya anataka zihesabiwe kabla ya saa sita. Hawezi kuingia bila mimi.