Maswali ya Wasomaji: Maji ni Asidi au Besi?

SWALI: Shikamooni. Nipo kidato cha tano. Kwenye HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻ tuliambiwa maji ni besi. Wiki iliyofuata, kwenye NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻, maji hayohayo yakawa asidi. Nikariri lipi?

JIBU: Marahaba. Usikariri lolote. Tangu 1923, Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza walipofikia wazo lilelile kila mmoja kivyake, asidi ni kinachotoa protoni (H⁺) na besi ni kinachoipokea. Maji ni mchuuzi: huku ananunua, kule anauza.

Weka kidole kwenye H₂O, kisha tafuta ng'ambo ya mshale kilichotokana nayo. Ukikuta H₃O⁺, H imezidi moja na chaji imepanda moja: yamepokea. Ukikuta OH⁻, H imepungua moja na chaji imeshuka moja: yametoa. Hesabu vyote viwili. H₂SO₄ na SO₄²⁻, kwa mfano, si jozi ya asidi na besi yake, maana zimepishana protoni mbili badala ya moja. Katikati kuna HSO₄⁻.

Wingi wa H usikuzuge. Amonia inazo tatu na bado hapo ni besi, kwa sababu nitrojeni yake ina jozi ya elektroni isiyotumika, na protoni hunasa hapo. Asidi ya siki, CH₃COOH, ina H nne. Inayoondoka ni ile tu iliyoshikana na oksijeni.

Wengi huteleza kwenye siki na bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuumulia keki. Upande wa kulia wanaona CO₂ na H₂O, protoni hawaioni ilikokwenda. Andika mlinganyo kwa ioni, futa Na⁺ kwa kuwa haibadiliki, kisha rudisha hatua iliyorukwa:

CH₃COOH + HCO₃⁻ → CH₃COO⁻ + H₂CO₃

Kumbe HCO₃⁻ ndiyo iliyopokea. H₂CO₃ huvunjika papo hapo kuwa CO₂ na H₂O, ndiyo lile povu. Lakini ikutanishe HCO₃⁻ na OH⁻, itatoa protoni na kubaki CO₃²⁻.

Na ukiletewa AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃, hakuna protoni iliyohama. Usipoteze muda kutafuta asidi.