Kipupwe cha Arusha na Moshi: ushauri kwa uliyetoka Pwani

Wengi wanaohamia huku kutoka Dar, Tanga au Zanzibar hufika mwezi wa kumi, vyuo vinapofunguliwa. Jua linawaka, wanaambiwa kuna baridi, wanadhani ni maneno tu. Masika yakishapita na Juni ikiingia, mtu anajikuta hana hata soksi za kulalia.

Baridi hii inaletwa na mwinuko pamoja na mawingu. Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi unasukuma hewa yenye unyevu kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Hewa hiyo ikipanda inapoa, inakuwa ukungu na manyunyu, na jua linaweza lisionekane hadi mchana. Moshi mjini ni afadhali kwa sababu kuko chini zaidi, karibu mita 900. Ila anayelala mjini na kufanya kazi Kibosho, Machame au Marangu, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, abebe jaketi kila siku, hata kama ametoka kwake hasikii baridi.

Kwenye mavazi, wageni wengi hukosea kwa kutegemea koti moja zito juu ya fulana ya pamba. Asubuhi linafaa. Mchana jua likichomoza anatoka jasho, fulana inalowa, na pamba ikishalowa inachelewa kukauka. Jioni unyevu ule ule ndio unaomtetemesha, huku amevaa koti. Vaa nguo tatu nyepesi: ya ndani inayoshika mwili, kisha sweta la sufu, halafu jaketi jembamba lisilopitisha upepo. Jaketi liwe la zipu ili ulifungue kidogo kidogo kadiri siku inavyopata joto. Beba na fulana ya akiba kwenye begi, ubadilishe kabla jua halijazama. Ukipanda bodaboda asubuhi, funga shingo na kifua kwanza; madereva wengi huvaa jaketi kinyumenyume, mgongo ukae mbele, ili upepo usipenye kwenye zipu. Waige.

Tena usione haya kuvaa mzula na skafu ukidhani utaonekana mshamba. Angalia akina mama sokoni: sweta juu ya kitenge, na wengine shuka la Kimasai begani. Mgeni hutambulika kwa viatu vya wazi na mikono iliyokunjwa kifuani saa moja asubuhi.

Nguo nzuri za baridi zipo kwenye mitumba: Kilombero na Samunge kwa Arusha, Memorial kwa Moshi. Nenda mwezi wa nne, kabla watu hawajaanza kugombania masweta. Vuta zipu mara kadhaa mpaka mwisho, kagua kwapa na mshono wa mabega, kisha inua sweta kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kila mahali, limeshalika. Sweta la sufu ulifue kwa maji ya vuguvugu, maana ya moto yatalisinyaza, na ulianike limelala bapa. Nguo nyingine fua asubuhi na mapema siku yenye dalili ya jua. Zisipokauka, usizivae na unyevu wake.

Unapotafuta chumba, tazama juu kabla ya kuuliza kodi. Bati lisilo na dari linapoteza joto lote usiku. Godoro usiliweke moja kwa moja kwenye saruji: baridi inapanda na upande wa chini unaota ukungu. Kama huna kitanda, tandika mkeka au maboksi chini yake, na uliinue asubuhi lipate hewa. Blanketi mbili nyepesi zinatunza joto vizuri kuliko moja nzito. Mfuko wa mpira wa maji ya moto nao unasaidia sana: ujaze theluthi mbili, maji yasiwe yanachemka, ukamue hewa, ukaze kifuniko, uuzungushie taulo.

Sasa jiko la mkaa. Tafadhali usilale nalo ndani. Mkaa hata ukiwa mwekundu, bila moshi, unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo inashika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala anapoteza fahamu bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Jiko lipikiwe nje, na likae nje hadi majivu yapoe kabisa. Mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu kwenye chumba kilichokuwa na jiko, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Hita ya umeme ya wati 2,000 inakula uniti 2 za LUKU kwa saa moja. Washa nusu saa kabla ya kulala, uzime. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba inapata moto na kuungua.

Kula usiku kabla ya kulala: mtori, makande, au uji mzito. Pombe haikupashi. Inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi joto huku mwili unalipoteza.

Na jambo moja linalowapata wanaotoka Pwani: malaria uliyoipata huko inaweza kujitokeza wiki moja hadi nne baada ya kuumwa na mbu, wakati umeshafika huku. Ukitetemeka huku mwili unachemka, viungo vinauma na kichwa kinagonga, usijifunike blanketi ukasema ni baridi ya Arusha. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upimwe, na umweleze mhudumu umetoka mkoa gani na lini.