"Adduce" si "cite", wala si "deduce"

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili katika elimu hapa Nairobi. Pembeni mwa sura ya 4 msimamizi wangu ameandika: "The evidence adduced does not support the claim." Kamusi yangu ndogo inasema "adduce" ni sawa na "cite", basi nikaongeza marejeo. Sura imerudi na maneno yale yale. Anataka nini hasa? Na je, naweza kuandika "From the data I adduce that..."?

JIBU: Msimamizi wako hajalalamikia uchache wa marejeo. "Adduce" ni kuleta jambo mbele ya msomaji ili liunge mkono dai fulani. Asili yake ni Kilatini "adducere": "ad" ni kuelekea, "ducere" ni kuongoza. Kwa hiyo neno hili lina pande mbili daima, yaani kinacholetwa na dai linaloletewa. "Cite" haina upande huo wa pili. Unaweza kutaja vitabu ishirini kwenye usuli wa utafiti na hata kimoja kisibebe hoja.

Tuseme dai lako ni "The lunch programme raised attendance", na ushahidi ni mahojiano na walimu wakuu watatu waliosema watoto wanaupenda mpango huo wa chakula. Umewanukuu vizuri, lakini maneno yao yanahusu kuridhika. Mahudhurio hayamo. Marejeo uliyoongeza hayakuziba pengo hilo, ndiyo maana sura ikarudi. Ama ulete rejista za darasa za mihula ya kabla na baada ya mpango kuanza, ama upunguze dai: "Head teachers reported that pupils welcomed the programme." Njia ya pili ni ya haraka na haina aibu yoyote, mradi urekebishe na malengo ya sura ya 1 yasije yakakusuta. Ukichagua rejista, chunga pia "raised". Kama hukuwa na shule za kulinganisha, andika "attendance rose after the programme began" na uishie hapo.

Swali la pili: hapana. Unachotaka kusema ni kwamba data imekufikisha kwenye hitimisho, na kazi hiyo ni ya "deduce", au bora "infer", kwa kuwa "deduce" hudai uhakika wa kimantiki ambao sampuli na mahojiano hayatoi. Isitoshe, "adduce" haifuatwi na "that". Hufuatwa na nomino kama "evidence", "reasons", "facts" au "examples", kisha "in support of", "against" au "to show": "She adduces two court rulings in support of this reading." Hitimisho haliletwi kwa "adduce", kwa hiyo "adduce a conclusion" ni kosa. Epuka pia "the data adduce". Anayeleta ushahidi ni mtu, au maandishi yake.

Hapa kwetu neno hili limezoeleka kortini kuliko madarasani. Soma hukumu za mahakama zetu na hutakosa "no evidence was adduced to show...", na kwenye rufaa utakuta maombi ya "leave to adduce additional evidence", yaani ruhusa ya kuleta ushahidi wa ziada. Likijazana kwenye tasnifu ya elimu, msomaji ataona kama umeazima joho la wakili. Mara moja au mbili kwa sura yatosha, tena hukaa vizuri zaidi katika kauli ya kutendwa. Kwingine tumia tu "present" au "offer".

Siku ya kutetea tasnifu, litamke a-DYUUS, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, si ya kwanza. Herufi c hubaki s hata katika "adducing". Usijaribu kuligeuza nomino "adduction": kwa wasomaji wengi hilo ni neno la madaktari, nalo ni kuvuta mkono au mguu kuelekea mstari wa kati wa mwili. Ukihitaji nomino, "the evidence presented" inatosha.