Betri kubwa haikuiponya taa yangu ya bustani

Nina taa nane za sola kutoka getini hadi barazani, hapa Ipuli, Tabora. Masika yaliyopita zilikuwa zikizimika saa mbili usiku, wageni hata hawajaaga. Nikaenda sokoni. Betri zilizokuwemo ndani ya taa ziliandikwa 600 mAh, yaani miliampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Kijana wa duka akanipa za kuchaji zilizoandikwa 2500. “Mzee, weka hizi, utazisahau.” Nikalipa mara tatu ya bei. Usiku ule, saa mbili na nusu, giza.

Hesabu ningeipiga mapema. Kipaneli kidogo kikitoa miliampia 60, kwa saa 6 za jua zuri kinaingiza mAh 360 tu, na nyingine hupotea njiani. Nilikuwa nimeweka simtanki ya lita elfu chini ya bomba linalodondosha.

Siku hizi kwanza naichaji betri ya zamani kwa chaja ya ukutani mpaka ijae, kisha nairudisha kwenye taa. Taa ikikesha, betri ni nzima, mwenye njaa ni paneli. Zangu zilikuwa na njaa kweli: mwembe ulizifunika tangu saa saba mchana. Nikahamisha nne. (Mwembe siukati, Tabora ibaki na nini?) Kiangazi nazifuta vumbi asubuhi kwa kitambaa chenye maji, kwani kitambaa kikavu hukwangua ile plastiki ya juu.

Ukifika dukani soma volti kabla ya kitu kingine. Za 1.2 ni za nikeli, za 3.2 na 3.7 ni lithiamu za aina mbili tofauti. Umbo linaweza kufanana kabisa, lakini ukizichanganya utaunguza taa au betri. Za redio zisizochajika, za 1.5, usithubutu: jirani alijaribu, zikavuja, vibati vyote vikaliwa na kutu. Na ukiona lithiamu ya saizi ya 18650 (ile ya mviringo, upana milimita 18, urefu 65) imeandikwa 9900 mAh, iache hapohapo. Hata zilizo bora huwa karibu na 3500.

Ile ya getini ilinitesa zaidi. Niliibadilishia betri mara mbili, haiwaki. Kumbe kipaneli ndicho kinachohisi giza, na balbu ya ukuta wa jirani ilikuwa ikiidanganya kwamba bado ni mchana. Tuligundua siku umeme ulipokatika mtaa mzima, nayo ikawaka.